Ziara ya Pili

Nilimkuta pale pale. Mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki, jua ndiyo kwanza linachomoza juu ya mawe ya Mwanza, ameinama katikati ya magunia anaokota dagaa waliomwagika na kuwatia kwenye kopo la rangi. Wiki tano kabla nilikuwa nimemkabidhi kwa bibi yake ng'ambo ya Busisi, saini tatu na muhuri mmoja. Faili nilishalifunga. Kwenye taarifa ya robo mwaka alikwisha kuhesabiwa: mtoto mmoja wa kiume, miaka 11, ameunganishwa na familia.

"Shikamoo Mama Ustawi," akasema.

Hakukimbia. Watoto waliorudi mjini wakikuona huwa wanayeyuka kwenye kundi la wachuuzi, unabaki na jina lao mdomoni. Huyu alisimama na kopo lake, miguu peku, akanitazama kama unavyomtazama mtu aliyechelewa. Nikaitikia marahaba, nikakosa neno la kuongeza.

Huo ulikuwa mwaka 2014, nami nilikuwa na miaka mitatu kazini. Nitamwita Masanja, maana Usukumani wenye jina hilo ni wengi kiasi kwamba halimtaji mtu.

Niseme kidogo kazi yenyewe ni ipi, kwa kuwa hata shangazi yangu wa Muheza mpaka leo anadhani nagawa vyandarua. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anakaa kwenye chumba kidogo, mara nyingi jirani na stoo, na nje kuna benchi. Kwenye benchi hilo asubuhi moja utamkuta mama anayedai matunzo ya mtoto, mzee aliyefukuzwa na wanawe, askari wa dawati la jinsia na watoto aliyemleta binti, na wanandoa waliotumwa na mwenyekiti wa mtaa waje wasuluhishwe, kila mmoja kakaa ncha yake ya benchi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imezipa serikali za mitaa jukumu la kulinda ustawi wa kila mtoto aliye kwenye eneo lao. Jukumu hilo likishuka kutoka kwenye karatasi linatua juu ya meza yako. Pikipiki ya ofisi ipo. Mafuta ndiyo hayapo.

Kwa hiyo anapotokea mtu mwenye gari, unafurahi.

Safari ya kwanza ya kumrudisha Masanja ilikuwa ya kifahari. Mdau mmoja alikuwa na mradi wa watoto wanaoishi na kufanya kazi mitaani, akatupa gari, dereva, posho na vizibao vyenye nembo. Tulipakia watoto wanne wa vijiji vinne. Kwenye kivuko cha Kigongo siku hiyo kulikuwa na foleni ya malori, tukapoteza saa mbili tukila mahindi ya kuchoma, kwa hiyo muda wa kila kijiji ukapunguzwa. Kwa bibi yake Masanja tulikaa dakika 40. Najua kwa sababu niliandika mwenyewe: kuwasili saa 8:10, kuondoka saa 8:50.

Ukiwa na haraka, dakika 40 zinafanya mambo mengi. Mtendaji wa kijiji alifika, mwenyekiti wa kitongoji alifika, akapewa kigoda pembeni yangu. Nikakabidhi kilo 25 za unga, sukari, sabuni na sare ya shule iliyokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni. Bibi akasimama akaongea Kisukuma. Aliongea kwa muda mrefu, mkono ukielekea huku na huku, na alipomaliza mtendaji akanitafsiria: "Anashukuru sana." Katika yale maelezo nilisikia neno ng'ombe mara tatu. Lakini Usukumani kusikia neno ng'ombe si habari. Nikaandika: bibi ameshukuru na yuko tayari kumpokea mtoto. Tukapiga picha, Masanja katikati ameshika sare, bibi kushoto, mimi na kizibao changu kulia.

Picha hiyo ninayo mpaka leo. Nyuma yetu, karibu na kihenge, wamesimama watoto wengine watatu wa nyumba ile, na mmoja amevaa shati ambalo limebaki kola na mikono. Siku ile sikuwaona. Nilikuja kuwaona kwenye picha.

Basi pale mwaloni nikamchukua Masanja tukaenda kwa mama ntilie. Chai ya rangi na vitumbua vitatu. Fomu sikuwa nayo, nilikuwa nimekuja kununua dagaa wa nyumbani kwangu. Alikula viwili, cha tatu akakifunga kwenye gazeti akakitia mfukoni. Halafu akauliza, macho yakiwa kwenye kikombe:

"Hivi yule ndama alipatikana?"

"Ndama yupi?"

Akanishangaa. Mtu mzima, ana gari, ana muhuri, amekwenda mpaka nyumbani kwao akakaa na wazee, halafu habari za ndama hana!

Kumbe alikuwa akichunga ng'ombe wa mjomba wake pamoja na wa jirani, kwa zamu, kama familia nyingi za huko zinavyopeana. Siku ya zamu yake usingizi ukampitia chini ya mti. Jioni ndama mmoja wa jirani hayupo. Akazunguka vichakani hadi giza, akaogopa kurudi, akalala kwenye shamba la mihogo, alfajiri akadandia lori. Busisi akavuka kivuko kati ya akina mama wa ndizi, hakuna aliyemuuliza. Na huyo jirani mwenye ndama alikuwa mdogo wake mwenyekiti wa kitongoji. Yule yule wa kigoda, aliyekuwa akiitikia kwa kichwa kila nilichosema.

Kwenye fomu yangu, pale palipoandikwa sababu za mtoto kuondoka nyumbani, nilikuwa nimejaza maneno mawili: maisha magumu. Ndivyo alivyonijibu mwenyewe. Ndivyo walivyonijibu karibu wote. Ilinichukua muda kuelewa kwamba watoto wa mwaloni wanayajua majibu yetu kama wanafunzi wa darasa ambalo mtihani umevuja. Ukija na mradi wa chakula, wana njaa. Ukija na mradi wa shule, wote wanataka kuwa madaktari. Siwalaumu hata kidogo. Wameulizwa na wangapi? "Maisha magumu" ni jibu la adabu, linamridhisha mgeni na halimfungulii mlango wa ndani. Sheria ile ile ya 2009 inasema mtoto ana haki ya kutoa maoni yake, na mimi nilikuwa nikiitimiza kwa kumuuliza swali lenye jibu nililokwisha kulipigia mstari.

Ningekuwa na akili ningekuwa nimejifunza hilo mapema, hospitalini. Kabla ya kuhamia halmashauri nilikaa miezi kadhaa kwenye ofisi ya ustawi ya hospitali moja ambayo sitaitaja, kazi yangu kubwa ikiwa ni msamaha wa matibabu kwa wasiojiweza. Mlango ulikuwa wazi, foleni imejipanga mpaka ndani, na mimi nauliza kwa sauti ya ofisi: "Mama, una uwezo wa kulipa au huna?" Siku moja mama mmoja kijana, mtoto wake kalazwa siku tisa, alitazama nyuma yake kwenye foleni, akaona watu, akasema, "Nina uwezo." Nikampa pole, nikaita mwingine. Asubuhi yake kitanda kilikuwa kitupu. Alitoroka usiku na mtoto ambaye dozi haijaisha, akaacha kanga moja juu ya godoro, sijui kwa kusahau au kwa kulipa.

Baada ya hapo niliacha kuita watu ofisini. Nilikwenda wodini, nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikauliza mambo ya kawaida: jana usiku mmekula nini, nyumbani umewaacha na nani, uliyempigia simu juzi ni nani, alisemaje. Maswali manne ya namna hiyo yanakupa kila kinachotakiwa kwenye fomu ya msamaha, na mtu hajavuliwa nguo mbele ya wenzake. Lakini angalia jinsi akili ya binadamu ilivyo: nilijifunza kwa ajili ya hospitali, na nilipohamishwa nikaliacha somo lile huko huko pamoja na koti jeupe.

Safari ya pili hatukuwa na gari. Mradi ulishavuna picha zake. Niliomba ruhusa ya siku tatu, tukapanda basi la Geita mimi na Masanja, yeye dirishani, na kuanzia barabara kuu tukachukua bodaboda. Tulifika magharibi. Bibi hakushangaa, hakulia. Alimshika mtoto kichwa akakigeuza kushoto na kulia kama anayekagua tikiti, akamwambia akaoge. Mimi nikapewa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, na maji ya kunywa, na kwa kuwa giza lilishaingia, nikapewa na mahali pa kulala.

Kulala kijijini kwa mtu ni kitu ambacho hakuna fomu inayokipata. Asubuhi nilijaribu "mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Kisukuma, kwa kubabaisha, wakacheka, na kicheko kile kilifungua mengi. Mke wa mjomba akanieleza habari za sare bila kuulizwa. Wiki ile ya kwanza alimpa mwanawe aivae, kwa hesabu kwamba Masanja ana watu wa mjini, watamletea nyingine. Masanja akaenda shule siku mbili na kaptula ya kuchungia, siku ya tatu hakwenda.

Unga nao ulikuwa na hadithi yake. Ulikwisha baada ya wiki mbili, kama unga wote. Ulipokwisha, bibi akaenda kwa jirani kukopa chumvi, kama alivyozoea miaka yote. Jirani akamwambia, "Kamwombe yule wa gari."

Neno hilo lilinikaa kifuani. Bibi yule alikuwa akiishi kwa majirani zake: chumvi kwa huyu, moto kwa yule, siku ya palizi anapewa kibarua cha huruma na mwingine. Ilikuwa bima yake, aliyoichangia tangu ujana wake. Mimi nikaja na gari jeupe, nikashusha gunia mbele ya macho ya kijiji kizima, na kwa dakika 40 nikamkatia ile bima. Nilimpa chakula cha wiki mbili nikamnyang'anya chumvi ya mwaka.

Jioni ya pili mjomba akaniita kwenye shikome, ule moto wa jioni ambapo wanaume wa boma hukaa na watoto wa kiume. Kwa kawaida mwanamke hana kigoda hapo. Nikawekewa changu pembeni kidogo, nusu mgeni nusu serikali. Mjomba alikuwa mtu wa maneno machache. Akasema, "Mama Ustawi, ulileta unga. Hapa palikuwa na deni."

Tulikaa mpaka usiku mkubwa. Mwenyekiti hatukumwita peke yake safari hii. Mjomba alimwita na mwalimu mmoja mstaafu ambaye pande zote mbili zinamwogopa kidogo. Kwenye chuo cha ustawi wa jamii pale Kijitonyama, Dar es Salaam, nilifundishwa mengi mazuri, ila kugawanya mbuzi sikufundishwa. Ndama hakuwahi kupatikana, wengine walisema fisi. Ikakubaliwa: mbuzi wawili, mmoja sasa, mmoja baada ya kuuza pamba, na Masanja asikabidhiwe tena mifugo ya watu mpaka atakapokua. Mwenye ndama akamwita mtoto karibu na moto, akampa mkono. Mtoto aliutazama ule mkono kwanza. Aliushika kwa vidole viwili.

Kwenye taarifa yangu sikujua niandike nini. Hakuna kisanduku cha mbuzi.

Kuanzia hapo nilianza kuitazama taarifa ya robo mwaka kwa jicho jingine. Ina safu ya idadi ya watoto waliookolewa, safu ya waliounganishwa na familia, safu ya waliopewa sare na madaftari. Safu ya waliobaki nyumbani baada ya miezi sita haikuwepo. Na kisichohesabiwa hakipewi mafuta. Ziara ya kwanza ina bajeti, ina gari, ina mpiga picha. Ziara ya pili ni yako na mguu wako. Nikachora safu yangu kwa penseli pembeni ya daftari, na mwaka wa kwanza ilinitia aibu kiasi kwamba nilikuwa nikilifunga daftari mtu akiingia.

Ziara za pili nilizipata kwa kuomba lifti, sina neno jingine. Zahanati zina huduma ya mkoba, wauguzi wanakwenda na chanjo vijijini kwa pikipiki au gari kwa ratiba inayojulikana. Nikaomba ratiba, nikawa napanda nao, wao wanachoma sindano chini ya mwembe, mimi napita kaya mbili tatu. Siku za malipo ya TASAF, mfuko wa serikali ambako kaya maskini zilikuwa zikipokea ruzuku kila baada ya miezi miwili, walezi wengi wa watoto wangu walikuwa wakikusanyika mahali pamoja. Ukifika mapema ukakaa nao kwenye nyasi kabla meza haijafunguliwa, unapata habari za vijiji vitatu kwa nauli moja. Kuna mwanamke mchuuzi wa dagaa anayezunguka kwenye minada ya upande ule kila wiki. Huyo sikumpa cheo wala fulana, nilikuwa nanunua dagaa kwake, na kwa kuwa alipita njia ile alinisalimia watu. Sikumwambia siri ya mtoto yeyote. Alikuwa akirudi na salamu tu: "Bibi anakusalimia, anasema mihogo imekubali." Ukishazoea, kutoka kwenye salamu ya namna hiyo unajua kama nyumba ina amani. Siku bibi alipotuma salamu fupi, nilipanda basi.

Barabara yenyewe siku hizi imebadilika. Tangu Juni 2025 kuna daraja la kilomita 3 kati ya Kigongo na Busisi, na maji tuliyokuwa tukiyasubiria saa mbili unayavuka kwa dakika chache. Wenzangu vijana wana bahati, na kisingizio cha foleni ya kivuko hawana.

Nisije nikaeleweka kwamba ukirudi mara mbili mambo yananyooka. Mwaka 2018 tulimtoa binti mmoja wa darasa la saba kwenye ndoa. Sheria ya Elimu ilikwisha kurekebishwa mwaka 2016, anayemwoa mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30, kwa hiyo polisi walikuja kweli kweli. Binti akapelekwa kwa familia ya kuaminika, baba akapotelea machimboni, redio ikaja. Ilikuwa habari nzuri kwa wiki moja.

Niliporudi kule nyumbani mwezi uliofuata nilimkuta mama mtu anachambua mchicha. Hakuninyanyulia macho. Akasema, "Walikuja polisi, wakaja wa redio. Wewe ndiye umerudi. Wewe ni nani hasa?" Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, swali lile sikujiandaa nalo. Nikakaa chini nikaanza kumsaidia mchicha, kwa kuwa jibu sikuwa nalo. Baada ya fungu la pili akaniambia: ng'ombe wa mahari ya binti walikuwa wameshatoka. Kaka mtu alikuwa ameoa nao. Sasa aliyelipa anadai ng'ombe wake, na njia ya karibu ya kuwapata ni kumrudisha kwao mke wa kaka, msichana wa miaka 19 mwenye mtoto mgongoni, ambaye hakumkosea mtu. Nilimwona akipita na ndoo. Alijua tunaongea nini.

Nilikuwa nimemwokoa mmoja na karibu nimvunjie nyumba mwingine, na katika faili langu huyo wa pili hakuwa na jina. Ilichukua vikao vinne, wazee wa koo mbili, na mchungaji mmoja mwenye subira ya ajabu, mpaka wakakubali ng'ombe wabaki deni la wanaume wenyewe, lilipwe polepole, na mwanamke asiguswe. Shauri la jinai lilikufa, kama mengi yanavyokufa: shahidi mkuu alikuwa binti mwenyewe, na mtoto kusimama mahakamani dhidi ya baba yake ni mlima. Binti alimaliza shule akiwa kwa ile familia. Kwao alirudi kusalimia baada ya mwaka na nusu. Mama yake alimpikia kuku. Baba hakuja mezani.

Mwaka uliofuata, Oktoba 2019, Mahakama ya Rufani ilikubaliana na Mahakama Kuu ya 2016 kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 vinakwenda kinyume na Katiba. Nilishangilia, nasema kweli. Nilishangilia huku nikifikiria wale ng'ombe, maana hukumu haisemi watarudi kwa njia gani.

Siku hizi napokea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Wanakuja na simu nzuri na fomu za kutosha, wamepikwa vizuri kwenye nadharia, na siwadharau, nadharia imeniokoa mara nyingi. Ila wiki ya kwanza nawanyang'anya fomu. Nawapeleka kwenye kaya moja wakae kutwa nzima, wafanye kazi yoyote watakayopewa, jioni waniambie vitu vitano walivyoona ambavyo hawakuviuliza. Kijana mmoja alirudi amekasirika, amebangua karanga kwa muda wa saa nne, anasema hakupata taarifa yoyote. Nikamwambia anihesabie sahani za chakula cha mchana. Akahesabu saba. Na watu waliokuwa wanakula? Akanyamaza, akahesabu kwa vidole, wanane. Ni nani alikula kwenye sufuria? Kesho yake alirudi kule mwenyewe, hakuniambia hata nauli ameipata wapi.

Na sisi wenyewe nani anatuzuru mara ya pili? Hilo ni gumu, nalipita haraka. Kuna miaka nilikuwa naota mafaili. Kilichonisaidia ni wenzangu wawili, mmoja muuguzi na mmoja askari wa dawati, tuliokuwa tukikutana Ijumaa jioni kula samaki wa kukaanga na kuambiana yaliyotushinda wiki ile bila kutaja jina la mtu. Hapakuwa na ajenda wala posho, na yule askari alikuwa analia kuliko sisi wote.

Masanja alimaliza darasa la saba, hakuchaguliwa kuendelea. Nilikuwa nimemtembelea mara 14 kwa miaka mitano, nyingine kwa dakika kumi tu, nyingine yeye mwenyewe hayupo, yuko mpirani, nakaa na bibi. Mara moja bibi aliniuliza leo nimekuja kufanya nini. Nikasema nimekuja kusalimia. Akanisukumia ungo wa karanga.

Mwaka 2019, jioni, nikiwa napika, simu ikaita kwa namba ya bibi. Nikashika kifua, maana bibi hapigi. Ilikuwa sauti nzito nisiyoijua.

"Shikamoo Mama Ustawi. Ni Masanja. Nataka kwenda Katoro kujifunza ufundi pikipiki. Mjomba anajua, bibi yuko hapa anasikia. Nimeona nikwambie na wewe kabla sijaondoka."

Nikazima jiko. Nikaanza: fundi mwenyewe ni nani, anajulikana na nani, utalala wapi, ada ni kiasi gani, usije ukaniambia ni Katoro kumbe ni mashimoni kwenye dhahabu, namba ya huyo fundi unayo?

Upande wa pili kukawa kimya, halafu akacheka.

"Mama Ustawi, una fomu hapo?"

Nikamwambia sina. Nikavuta kigoda, akaanza kunieleza.